SARAFU TULIZOZIACHA NA SARAFU TULIZOZIKUTA

(Maneno ya wanachama wawili waliorudi nyumbani, yaliyosomwa katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu, Uyole, Mbeya)

 

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii. Aidha tunawashukuru wenzetu wa Ipogolo, Ilula na Mafinga waliopanda basi la alfajiri kutoka Iringa ili waje kula pilau nasi. Pilau ipo ya kutosha, msiwe na wasiwasi.

Kamati ilitutaka sisi wawili tuseme maneno machache juu ya maisha ya nchi za nje. Tulikaa jikoni tukalifikiria jambo hili, tukaona kwamba habari za baridi ya Ulaya na za migodi ya Zambia mmekwisha kuzisikia mpaka mmechoka. Tukasema, basi tuzungumze juu ya kitu ambacho kila Jumatano tunakishika hapa, tunakihesabu, tunakitia kwenye bakuli la mfuko wa jamii, lakini hatukiangalii. Kitu chenyewe ni sarafu.

Kwa wasiotufahamu, mmoja wetu ni mzaliwa wa Tukuyu. Mwaka 1985 alipanda treni ya TAZARA pale Mbeya kumfuata mumewe aliyekuwa fundi huko Ndola. Mwingine ni mzaliwa wa Kalenga, Iringa. Mwaka huohuo alikwenda Uingereza kusomea uuguzi, kazi ikamshika, akakaa. Katika miaka yote hiyo tulikuja nyumbani mara mbili mbili tu, tena kwa misiba, na mtu aliyekuja kuzika hana macho ya kuangalia chenji. Tulirudi moja kwa moja mwishoni mwa mwaka 2014, kila mtu kwa njia yake. Yule wa Iringa alimfuata binti yake aliyeolewa huku, na ndivyo tulivyokuwa majirani.

Tulipoanza kuzoeana tuligundua kwamba wote wawili tulikuwa tumeondoka na sarafu za nyumbani. Mmoja alizifunga kwenye leso, mwingine alizitia kwenye kopo la poda ya mtoto. Hatukuondoka nazo kwa sababu zina thamani. Ugenini mtu hupenda kuwa na kitu cha kushika. Kuna usiku unaamka, hujui uko wapi, unafungua kopo, unamwona Mwalimu, unarudi kulala.

Sasa sikilizeni yaliyotupata tuliporudi.

Yule wa Tukuyu alishuka stendi kuu ya Mbeya, akamwita kijana anayeuza mahindi ya kuchoma. Alitoa noti ya shilingi elfu moja akarudishiwa sarafu moja kubwa, nyeupe, ina nyati anayekimbia. Akaigeuza akamwona Sheikh Karume. Akasema, "Mwanangu, mbona umenipa hii? Nipe chenji yangu." Kijana akacheka, "Shikamoo mama, hiyo ndiyo chenji yako. Jero mpya hiyo." Jero! Mama wa watu hakujua jero ni nini. Alidhani anatukanwa. Ilibidi mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi amfafanulie kwamba jero ni shilingi mia tano, na kwamba ile sarafu ina wiki chache tu tangu itoke, hata wenyeji wenyewe wanaishangaa.

Yule wa Kalenga yakamkuta makubwa zaidi. Alikuwa soko kuu la Iringa ananunua vitunguu vya Ilula. Katika pochi yake zilikuwemo zile sarafu za zamani, amezichanganya na mpya bila kujua. Akampa binti muuzaji sarafu ya shilingi moja, ile yenye mkono ulioshika Mwenge, akidhani ni ya mia mbili. Binti akaitazama, akampa mdogo wake aliyekaa chini, akamwambia mama yetu kwa heshima kabisa, "Bibi, asante, mtoto atachezea."

Atachezea. Mwaka 1985 shilingi ile tuliiweka kwenye leso tukaifunga mafundo mawili.

Hatukumlaumu yule binti. Alizaliwa lini hata aijue? Lakini siku tuliposimuliana habari hizi tulicheka, halafu tukanyamaza. Tukamwaga zile za leso na za kopo juu ya meza, tukaweka na mpya pembeni, tukaanza kuziangalia moja moja kama mtu anayepembua mchele. Tuliyoyaona ndiyo tunayotaka kuwaeleza.

Benki Kuu yetu ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966. Kabla ya hapo tulitumia shilingi ya Afrika Mashariki, yenye sura ya mfalme au malkia wa Uingereza, na senti zake zilizokuwa na tundu katikati. Mama zetu walizitunga zile senti kwenye uzi. Mwaka 1966 zikatoka sarafu zetu wenyewe zenye sura ya Mwalimu Nyerere. Senti tano ilikuwa na samaki, yule sulisuli. Senti ishirini ilikuwa na mbuni. Senti hamsini, ambayo watu wa pwani waliiita sumuni, ilikuwa na sungura. Shilingi ilikuwa na Mwenge. Baadaye, mwaka 1977, ikaja senti kumi yenye pundamilia, ukingo wake umekatwa mawimbi kama ua. Shilingi tano ilikuwa na pembe kumi, na jina lake mitaani ni dala. Wengi husema ndiyo iliyozaa jina la daladala, kwa sababu nauli Dar es Salaam wakati mmoja ilikuwa shilingi tano.

Ndizo tulizoziacha. Na noti kubwa kuliko zote mwaka ule tulioondoka ilikuwa ya shilingi mia moja. Ukiwa na noti ya mia unaficha mbali. Mwalimu yuko pale, ametulia.

Sasa tazameni tulichokikuta. Ile mia ni sarafu. Mwalimu yupo bado, upande wa pili swala wanne wanaruka. Hamsini ni ya Mzee Mwinyi, ina faru na mtoto wake, tena ya kwanza imeandikwa mwaka 1996, Mzee alipokwisha kung'atuka. Mia mbili, ya mwaka 1998, ina simba. Mia tano, ya mwaka 2014, ina nyati. Kati ya safari zetu ilikuwepo pia shilingi ishirini yenye tembo, ya mwaka 1990, lakini hiyo tuliikuta imekwisha kupotea mikononi mwa watu.

Mmoja wetu akasema neno ambalo tumelikumbuka tangu siku ile. Alisema, "Dada, umeona? Tukimwacha swala, wanyama wanakua, thamani inapungua." Na ni kweli. Wakati sungura alipokuwa kwenye sarafu, sarafu ilinunua kitu. Akaja tembo, akaja faru, akaja simba, akaja nyati, na kila mnyama mkubwa alikuja kubeba mzigo ambao mdogo alishindwa. Leo nyati mzima hafikishi kilo moja ya sukari.

Tukaona na jambo jingine. Mjukuu wetu mmoja alikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Akaipitisha juu ya meza. Ile shilingi ya zamani, ya mwaka 1966, haikushtuka. Shilingi ya mwaka 1987, ambayo binti wa Kalenga aliipewa alipokuja kwenye msiba, ikaruka ikanasa, tak! Shilingi mia nayo ikanasa. Watoto walifurahi, sisi tukashangaa. Maana yake ni kwamba shilingi ya kwanza ilikuwa shaba na nikeli hadi ndani. Hizi za baadaye ni chuma kilichovishwa nguo ya nikeli au ya shaba nyeupe na njano. Hakuna aliyetuibia hapo. Nchi nyingi zimefanya hivyo, kwa sababu madini yakipanda bei, serikali inaweza kutumia fedha nyingi kutengeneza sarafu kuliko thamani iliyoandikwa juu yake. Lakini ukitaka kujua historia ya shilingi yetu bila kusoma kitabu, chukua sumaku.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Ninyi mliobaki mnajua kuliko sisi, kwa sababu mlipanga foleni. Bei ya mafuta ya petroli ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vililipiwa kwa kila tulichokuwa nacho. Maduka yakawa na rafu tupu. Mwaka 1986 nchi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na shilingi ikazidi kuteremshwa. Benki Kuu ilipoanza, dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi saba na senti kidogo. Mwaka 2015, mwaka tuliouanzisha kikundi hiki, dola moja ilipita shilingi 2,000. Noti ya mia mbili ikaja mwaka 1986, ya mia tano mwaka 1989, ya elfu moja mwaka 1990, na katika miaka hiyohiyo ya 1990 tukafika elfu kumi.

Hata ile mia tano iligeuzwa kuwa sarafu kwa sababu inayoeleweka. Ilikuwa noti inayopita mikono mingi kuliko nyingine, kutoka kwa mama wa mchicha kwenda kwa konda, kutoka kwa konda kwenda kwa mama ntilie, inalowa, inachakaa, inapakwa mafuta ya chapati. Noti ya namna hiyo haimalizi muda. Sarafu inakaa miaka.

Ndugu zangu, msidhani kubadilika kwa sarafu kumeanza na sisi. Neno hela tunalolitumia kila siku ni jina la sarafu ya Wajerumani, iliyoanza kutumika mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja. Wahehe walipopigana Lugalo mwaka 1891 chini ya Mkwawa hawakuijua hela. Ilikuja baada yao, na kodi ilikwisha kutangulia: kila nyumba ilipe, na hatimaye ilipe kwa fedha. Mtu mwenye ng'ombe na mahindi tele akajikuta maskini kwa sababu hana kile kipande cha madini. Ndipo watu wetu walipoanza kutoka kwenda mashambani na baadaye migodini. Babu zetu wa Rungwe walikwenda Johannesburg na Wenela, wakarudi na mablanketi, masanduku ya bati, na sarafu za kigeni ambazo watoto walizichezea. Baada ya Uhuru serikali ilikomesha uandikishaji ule. Hela ya Mjerumani imekwisha siku nyingi, lakini jina lake limebaki midomoni mwetu.

Na wala si Tanzania peke yake. Yule wa Ndola aliishi katika nchi ambayo kwa miaka mingi haikuwa na sarafu mkononi kabisa. Kwacha ilikuwa imeshuka mpaka mtu ananunua unga kwa makumi ya maelfu, na mwalimu wa shule ya msingi alikuwa milionea asiye na viatu. Tarehe 1 Januari 2013 serikali ya Zambia ilifuta sifuri tatu: kwacha elfu moja ikawa kwacha moja, na sarafu za ngwee zikarudi. Wazee wakalia sokoni. Wengine walilia kwa furaha ya kuziona tena, wengine walidhani wameibiwa, maana jana alikuwa na milioni, leo ana elfu.

Na yule wa Uingereza naye alishuhudia yake. Mwaka 1990 senti zao tano zilifanywa ndogo, mwaka 1992 zikafuata kumi, mwaka 1997 hamsini. Alirudi nyumbani na pauni chache za duara, akazitia kwenye lile kopo la poda kama kumbukumbu. Tarehe 15 Oktoba 2017 pauni za duara zikakoma kupokelewa madukani huko, ikabaki ile mpya yenye pembe kumi na mbili. Kwa hiyo kopo lile lilikwisha kuua fedha za nchi mbili.

Hapo, akina mama, ndipo tulipopaswa kujifunza. Hatukujifunza. Na sasa tunaomba mtuvumilie, kwa sababu jambo linalofuata si la kuchekesha. Tumeomba ruhusa ya mhusika, naye amesema, "Semeni, lakini msiseme jina."

Katika kikundi hiki tunaye mama mmoja, mkubwa kwetu kwa umri, anayelima viazi. Alijiunga mwaka 2019. Kabla ya hapo, miaka na miaka, kila alipouza viazi aliweka sehemu ndani ya godoro. Hakumwambia mtu, hata watoto wake. Mwezi wa pili wa mwaka 2025 alikuja nyumbani kwetu jioni, akakaa, akanywa chai, akauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua: "Hivi ninyi mliotembea, eti noti za zamani zitakataliwa?"

Alikuwa amesikia redio. Na redio ilisema kweli. Benki Kuu ilikuwa imetangaza kwamba noti za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na mwaka 2003, pamoja na noti ya mia tano ya mwaka 2010, zibadilishwe kuanzia tarehe 6 Januari 2025 hadi tarehe 5 Aprili 2025. Baada ya hapo hazitakuwa fedha halali tena. Sarafu hazikuguswa.

Sisi tuliotembea, sisi tunaojua mambo, tulimjibuje? Tulimwambia, "Mama, hayo ni maneno ya mitaani. Hela ya serikali haiozi." Mmoja wetu akachukua noti ya elfu kumi kwenye pochi, akamwonyesha tembo: "Si huyu hapa? Una tembo, huna wasiwasi." Na hatukujua kwamba tembo yupo kwenye noti ya mwaka 2003 na yupo kwenye noti ya mwaka 2010, na kwamba mmoja wa tembo hao alikuwa amebakiza majuma machache. Hatukumwuliza ana kiasi gani. Hatukumwuliza kwa nini anauliza. Akamaliza chai yake, akashukuru, akaondoka.

Katikati ya mwezi wa nne mtoto wake alipata ajali ya pikipiki, ikabidi godoro lifunguliwe. Zilikuwemo shilingi laki sita na elfu arobaini. Laki nne na zaidi zilikuwa za zile noti za zamani.

Alipokuja kutueleza hakupiga kelele. Alisema tu, "Wanangu, nilikuja kuwauliza." Hayo ndiyo maneno yake yote. Tungependa angetutukana.

Mnakumbuka Jumatano ile. Tulisimama hapa mbele yenu tukaeleza kosa letu. Kamati ikajadili. Wengine walisema mfuko wa jamii umpe, kwa kuwa ana mgonjwa, na katiba yetu inaruhusu. Mfuko ulimpa sehemu ya matibabu kama unavyompa mwanachama yeyote. Lakini ilipofika habari ya zile laki nne, yeye mwenyewe alikataa kupewa. Alisema, "Nikipewa bure, kesho mtaniita mama wa godoro. Nipeni mkopo." Akapewa mkopo, na kikao kikakubali usiwe na riba. Sisi wawili tukaweka dhamana ya hisa zetu. Hadi leo tunapozungumza amekwisha kurejesha zaidi ya nusu, kwa viazi vilevile. Mtoto anatembea kwa gongo moja, na daktari anasema ataliacha.

Laki nne zile hazikurudi. Noti zenyewe bado anazo. Tulimwomba moja tuilete leo muione, akasema hapana, wajukuu wanazitumia kucheza duka. Tukakumbuka yule binti wa soko la Iringa.

Kwa hiyo, Ndugu mgeni rasmi, tunatoka na mambo manne ambayo tunaomba kikundi kiyaingize kwenye kumbukumbu.

La kwanza, matangazo ya fedha yasomwe katika mkutano. Katibu akisikia tangazo la Benki Kuu, au la kampuni ya simu, au la bei ya mbolea, alisome hapa kwa sauti, na asiyeelewa aulize mpaka aelewe. Na anayeulizwa, kama hajui, aseme hajui. Sisi tungesema, "Hatujui mama, twende wote benki kesho asubuhi," leo tungekuwa na habari nyingine.

La pili, fedha isilazwe. Kopo la poda, leso, godoro na mtungi vyote ni ndugu. Fedha iliyolala haiibiwi na mwizi tu. Inaliwa na bei, polepole, nawe umeikalia. Sanduku letu lina kufuli tatu na washika funguo watatu, lakini kinacholinda fedha yetu hasa ni kwamba ndani ya sanduku huwa hakuna kitu. Fedha iko kwa mwenzako ananunua vifaranga, iko kwa mwingine anapeleka parachichi sokoni, na inarudi na mwenzake.

La tatu, tuache kujisifu kwa tarakimu. Tulipoanza mwaka 2015 hisa ilikuwa shilingi 1,000. Mwaka 2021 tulipoipandisha kuwa 2,000 palikuwa na ugomvi, mnakumbuka, wengine walitoka nje. Sisi wawili tulikuwa miongoni mwa walionuna, tunakiri. Lakini tazama: ukigawana mwisho wa mzunguko ukapata laki tano, usiulize tu kama ni nyingi kuliko za mwaka jana. Uliza zinanunua magunia mangapi ya mahindi, mifuko mingapi ya saruji, ada ya mihula mingapi. Mama zetu walipima akiba kwa ng'ombe. Hawakuwa wajinga.

La nne, tusiifukuze sarafu. Vijana wetu wanataka michango yote ipite kwenye simu, na hatuwapingi. Simu imetupunguzia safari na hofu ya njiani. Lakini lile bakuli la mfuko wa jamii linalozunguka kila Jumatano, kila mtu akatia nyati wake mmoja, libaki. Sauti ile ya sarafu inapogonga bakuli inatuambia nani yupo na nani hayupo. Mama yetu wa viazi aliposhindwa kuja majuma mawili, mtu wa kwanza kuuliza alikuwa aliyekaa karibu naye, aliyepokea bakuli kutoka kwa mtu asiyemzoea.

Tunamalizia. Tumeleta zawadi ndogo kwa kikundi. Hizi hapa ni sarafu mbili. Moja ni senti hamsini ya sungura, ya mwaka 1966, iliyotoka Mbeya kwenda Ndola ikarudi. Nyingine ni ile jero ya kwanza aliyopewa mmoja wetu stendi na yule kijana wa mahindi. Hakuitumia, alihifadhi. Ndiyo, tunajua, tumetoka kusema fedha isilazwe! Hii moja mtusamehe. Tunaomba Mweka Hazina azigundishe ndani ya kifuniko cha sanduku, ili kila Jumatano kufuli tatu zikifunguliwa, macho yetu yazione kabla mikono yetu haijagusa chochote.

Na mtoto atakayeuliza, "Bibi, huyu sungura ananunua nini?" asiambiwe hanunui kitu, akachezee. Akalishwe chini aelezwe habari hii yote.

Tunakitakia kikundi miaka kumi mingine. Umoja wetu udumu, na marejesho yaje kwa wakati!